Anayembeba aliyezidisha unga asigeuzwe mshukiwa

Kwa Mhariri,

Salaam na heri za kutwa. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Mombasa, upande wa bara, huu ni mwaka wa tisa niko barabarani, na barua hii naiandika kwa simu nikiwa stegi nangoja abiria, kwa hivyo pakipinda nyoosheni nyinyi wenye kalamu.

Wiki ilopita mliweka habari ndogo, haikuzidi mistari sita, ya kijana aliyepatikana alfajiri nyuma ya ukuta wa shule amekufa. Mliandika inashukiwa alizidisha unga, yaani heroini. Sina neno na hayo, ni kweli. Ila mstari wa mwisho ulisema polisi wanawatafuta walokuwa naye usiku huo ili wahojiwe, na niliposoma hapo nikaiweka simu chini nikacheka, si kicheko cha furaha, maana hao wanaotafutwa walikimbia kwa sababu walijua watatafutwa. Mtu anakimbia asishikwe, kisha tunamtafuta tumuulize kwa nini alikimbia!

Yule kijana nilimjua. Nataka nieleze nilimjuaje.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka jana, kama saa tano za usiku, taraweh zimeisha, natoka kushusha watu. Vijana wawili wakaniingilia barabarani wamemshika wa tatu kwapani, miguu yaburura. Watu wa maskani, pale wanapokaa watumiaji wa unga, dereva wa usiku huwajua hata kwa mbali. Kusema kweli nilitaka kuwazunguka nipite. Mmoja akashika chuma cha tuktuk akanambia "Braza tafadhali, huyu yuatuponyoka." Nikasimama. Tukamlaza kiti cha nyuma kichwa kiko mapajani mwa mwenzake, na yule mtu yuakoroma, koroma nzito ya kubururuka kama maji kwenye bomba lililoziba. Nikauliza si amelala tu huyu? Mwenzake akasema hapana, hino si koroma ya usingizi, na yule aliyempakata alikuwa yuampulizia pumzi mdomoni njia nzima, ananyanyuka anahema anarudi tena. Hilo silisahau, kwa sababu watu hawa tunawaita mateja na wezi wa sufuria, na mimi pia nimewaita hivyo.

Tukakaribia hospitali, pale kwenye matuta kabla ya geti, nikahisi tuktuk imekuwa nyepesi. Kugeuka, wale wawili hawako. Wameruka. Nimebaki mimi na mtu asiyepumua vizuri.

Hospitali siitaji maana waliofanya kazi walifanya kazi. Soja alinichelewesha kidogo na maswali yake ya umemtoa wapi lakini sista mmoja alitoka mbio, akamfunua jicho akaona mboni imekuwa ndogo kama ncha ya sindano, akajua palepale, akampiga sindano ya paja, na baada ya dakika chache, naapa mbele yenu, maiti ile ikafungua macho ikaanza kututukana mmoja mmoja. Sista akacheka. Mimi karibu nilie.

Kisha afande akaja. Aliitwa na nani sijui, pengine alikuwa hapo kwa mambo yake. Wewe ndiye ulomleta? Unamjua? Wenzake wako wapi? Unga mlinunua wapi? Mlinunua, ati! Nikamwambia afande mimi nimebeba abiria kama ninavyobeba mama anayekwenda kujifungua. Wakapekua tuktuk, chini ya kiti wakapata kipande cha foili na bomba la sindano, vilimdondoka yule kijana au wale walioruka, sijui na siwezi kujua. Basi. Usiku huo nililala ndani. Tuktuk ililala stesheni siku nane, wanasema ni kielelezo. Kesi haikufunguliwa, kosa sikuandikiwa, na funguo zilirudi baada ya mambo ambayo Mkenya yeyote anayajua. Tajiri wangu mwenye tuktuk naye hesabu yake ni shilingi 1,000 kwa siku, tuktuk ikiwa barabarani au ikiwa kielelezo, kwa hivyo zidisheni wenyewe. Idi ile watoto wangu walivaa nguo za mwaka wa nyuma.

Na kuna jingine lililotokea usiku ule nimekuja kulielewa baadaye sana. Yule kijana alipoona gwanda za polisi mlangoni alishuka kitandani, akang'oa waya wa maji mkononi damu inachuruzika, akatoka kwa mlango wa nyuma. Sista akapiga kelele "Mrudisheni! Dawa ikiisha atazima tena!" Sikumfahamu alikuwa anasema nini. Dawa ile yaitwa naloksoni, inaing'oa heroini pale ilipojibana kwenye ubongo ndipo mtu anarudi kupumua, lakini nguvu yake haikai, kati ya nusu saa na saa moja unusu imekwisha, na unga unaweza kuwa bado umo mwilini. Ndiyo maana mtu aliyeamshwa lazima akae chini ya macho ya daktari. Yule aliponea kwa bahati tu. Afande hakumkamata lakini kule kuonekana kwake kulitosha kumtoa mgonjwa kitandani.

Stegi yetu ilipata habari, na tangu siku hiyo kukawa na kanuni ambayo haikuandikwa popote wala hakuna mwenyekiti aliyeipitisha: mtu wa maskani aliyezima habebwi. Mjamzito tunambeba, aliyegongwa na lori tunambeba, mlevi wa mnazi aliyeanguka tunambeba na tunamlipisha mara mbili. Aliyezidisha unga tunampita.

Sasa narudi kwenye habari yenu ya mistari sita. Usiku ule, kitu kama saa sita na robo, nilipita hiyo barabara ya nyuma ya shule. Vijana wawili walininyooshea mikono. Kwenye ukuta alikuwa amekaa mtu wa tatu kichwa kifuani. Nilimtambua kwa fulana. Nilikaza mafuta. Nilijiambia kuna tuktuk mbili nyuma yangu, mmoja wao atasimama, na madereva hao wawili nao bila shaka walijiambia wa mbele angesimama.

Nimesema, nimemaliza. Mkitaka kunihukumu haki yenu. Lakini tafadhali msomeni mtu aliyepita pia, maana huku mitaani tuko wengi kuliko mnavyofikiri.

Nilikuwa nadhani uoga wetu ni wa ujinga, kwamba sheria haiko hivyo, ni afande mmoja tu mwenye njaa. Abiria wangu mmoja ni karani wa korti, nampeleka kila asubuhi, nikamuuliza. Akanambia bwana sheria iko hivyo hivyo, akanisomea kwenye simu yake foleni ya Nyali ikiwa imekwama. Sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka 1994, kifungu cha 5. Kutumia ni kosa. Kupatikana na kifaa cha kutumia ni kosa. Mwenye nyumba akiruhusu nyumba yake itumiwe ni kosa. Na hapa ndipo niliposema soma tena: kupatikana tu mahali ambapo watu huenda kutumia, bila sababu halali na ya maana, nako ni kosa. Ilipopitishwa adhabu yake iliandikwa faini ya shilingi 250,000 au kifungo kisichozidi miaka 10 au vyote viwili. Miaka kumi kwa kupatikana mahali! Nikamwambia lakini mimi nilikuwa na sababu halali, nilikuwa naokoa mtu. Akacheka, akasema ndio, na hiyo utamweleza hakimu. Hakimu unamfikia baada ya stesheni, baada ya dhamana, baada ya tuktuk kulala siku nane. Sheria imeweka huo utetezi wako mwisho wa njia wakati wewe unauhitaji mwanzo wa njia.

Tena fikirieni wale wawili walioruka. Wao hawana hata huo utetezi. Wametumia, wana kijiko na bomba mfukoni, pengine mmoja ametoka jela ya Shimo la Tewa juzi na ana masharti ya korti. Wakipiga simu wanajishtaki wenyewe. Na hao ndio watu pekee duniani walokuwepo pumzi ilipoanza kupungua. Si mimi, si sista, si mama yake aliyelala nyumbani. Mtu akijidunga hafi kama balbu inavyozima, mara nyingi huwa anakwenda polepole, saa nzima, hata mbili, anakoroma, midomo inapauka inakuwa kama ya jivu, na muda wote huo kuna mwenzake karibu ambaye anafanya hesabu. Nikimpeleka nitafungwa, nikimwacha pengine ataamka mwenyewe. Akikaa sana katika hiyo hesabu ubongo unakosa oksijeni, na dakika chache tu za hivyo ndizo zinazotenga mtu na maiti.

Kwa hivyo wanafanya dawa zao za maskani. Wanamwagia maji ya baridi, wanampiga makofi, wanamnywesha maziwa, wengine wanamdunga maji ya chumvi, wanamtembeza kama mgonjwa wa malaria. Maziwa kwa mtu asiyejitambua yanaweza kuingia kwenye mapafu yakammaliza. Yule wa Ramadhani aliyekuwa akipuliza pumzi njia nzima alikuwa sawa kabisa, kumbe alifundishwa na wale wahamasishaji wanaogawa sindano safi: mlaze, inua kidevu, puliza, akianza kupumua mgeuze ubavu asipaliwe na matapishi. Hakuna mganga hapo, ni mambo ya kujifunza dakika kumi tu. Na wanaozidisha sana si wageni wa mchezo kama tunavyodhani, ni aliyetoka jela au rehab baada ya miezi bila kugusa, mwili umeshasahau, anarudi na kipimo chake cha zamani. Au anayechanganya unga na vidonge vile wanavyoita bugizi au na pombe, vyote vinalaza pumzi.

Wenye sheria wataniambia Katiba inakulinda. Kweli Katiba ya 2010 ibara ya 43 inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 imeweka faini mpaka shilingi milioni 3 kwa hospitali yenye uwezo inayokataa kutibu dharura. Vizuri sana, nashukuru. Lakini kwa vitendo haki hiyo inaanzia getini. Kutoka maskani hadi getini ni kilomita tatu na matuta sita na mwendo huo wote hakuna haki, kuna mimi tu na tuktuk ya tajiri.

Halafu serikali yenyewe inajipinga. Mwaka 2012 ilisema sindano safi zigawiwe ili virusi vya ukimwi visienee, mashekhe wetu wengine huku Pwani wakapinga wee mpaka mambo yakatulia. Disemba 2014 methadoni, dawa ya kunywa badala ya unga, ikaanza hospitali ya Mathari kule Nairobi na muda si mrefu ikafika Malindi, Dar es Salaam walishatutangulia pale hospitali ya Muhimbili tangu 2011. Leo nawapeleka watu klinik kila asubuhi wanakunywa dawa yao wanarudi kazini, mmoja ni fundi wangu wa breki na simpi mtu mwingine tuktuk yangu. Yani mkono mmoja wa serikali unampa huyu mtu sindano safi umwambie ishi, na mkono wa pili una kifungu kinachosema kifaa hicho ni kosa, na wenzako ulokaa nao ni kosa. Akizima, mkono upi unashinda? Waulizeni wanaokimbia.

Juu ya hayo, sheria hii si msahafu, inafunguliwa. Mwaka 2022 Bunge liliifungua likaongeza makali kwa wafanyabiashara na kwa maofisa wanaoshirikiana nao, sawa kabisa, mimi nilipiga makofi. Ila walipokuwa wameifungua hivyo mezani, mstari mmoja tu wa kumlinda anayeita msaada ungewagharimu nini?

Na korti zetu zimeonyesha kwamba zinaelewa. Zamani mtu akijaribu kujiua akaokolewa alikuwa anatoka wodini anaingia kizimbani, kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu. Familia zilikuwa zinaficha, zinasema alikunywa dawa ya panya kwa makosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Mgonjwa ni mgonjwa. Mimi si msomi lakini sioni tofauti kubwa ya huyo na huyu wangu wa nyuma ya ukuta.

Nina binamu yangu yuko Toronto, naye ni dereva kama mimi ila gari lake lina heater. Nilipomsimulia mambo ya siku nane akashangaa. Kule anaweka kifurushi cha naloksoni kwenye sanduku la gari, amepewa bure famasi, ya kupuliza puani, hata sindano hakuna, na akaniambia wana sheria tangu Mei 2017. Nikaitafuta nikaisoma na tafsiri ya simu. Ilianza na mswada wa mbunge mmoja wa kawaida tu, Ron McKinnon, si serikali. Inasema mtu akizidisha dawa, aliyepiga simu, aliyezidisha mwenyewe, na aliyekuwepo hapo, hawashtakiwi kwa kupatikana na dawa ya matumizi yao, wala kwa kuvunja masharti ya dhamana au ya kifungo cha nje yanayohusu hiyo dawa. Muuzaji halindwi. Mwenye waranti ya kosa jingine halindwi. Ni ukurasa mdogo, nimesoma mikataba ya mkopo ya simu mirefu kuliko hiyo.

Marekani nao walianza mapema, jimbo la New Mexico mwaka 2007, leo karibu majimbo yote yanazo, ila hazilingani. Na hapa nataka wabunge wetu wasikilize vizuri wasije wakanakili vibaya: kuna majimbo sheria inakuzuilia mashtaka lakini haikuzuilii kukamatwa. Kwa dereva wa tuktuk hiyo si sheria. Mimi mashtaka sikuwa nayo hata kidogo. Kilichonimaliza ni usiku mmoja ndani na siku nane za kielelezo. Kule kwao pia kuna shida nyingine, watu hawaijui sheria na polisi wengine hawaijui, kwa hivyo mtu bado anakimbia ingawa hana haja ya kukimbia. Hapa kwetu itabidi iandikwe kwa Kiswahili, kibandikwe kibao stegi, kwenye vituo vya polisi na kwenye hizo klinik, la sivyo itabaki kwenye gazeti rasmi la serikali ambalo mimi sijawahi kuliona mtu akilisoma kwenye matatu.

Kwenye baraza ya kahawa nilipolianzisha jambo hili mzee mmoja akaniambia kijana wewe wataka kuhalalisha haramu. Namheshimu mzee, tena ni jirani yangu, lakini nilimjibu mzee wangu, unga utabaki haramu kesho na keshokutwa, mimi naongelea mtu anayekata roho, na sisi kila khutba twasikia habari ya anayeokoa nafsi moja. Akanyamaza akaagiza kashata. Mwingine akasema wauzaji watajificha humo, kila akishikwa atasema nilikuwa naokoa. Hiyo ni hoja yenye miguu, siipuuzi. Jibu langu ni kwamba ulinzi uwe wa kipimo cha kutumia na wa kuwepo mahali, basi, mwenye kilo hana nafasi humo. Na wauzaji wakubwa tangu lini wakawa ndio wanaomburura mtu kwapani saa tano za usiku? Mwaka 2014 meli ya Al Noor ililipuliwa baharini na zaidi ya kilo 370 za heroini ndani, tuliiona kwa televisheni rais akitazama, moshi mkubwa. Maskani ya nyuma ya shule haikufungwa hata siku moja kwa sababu ya moshi ule. Kubwa kwa kubwa, dogo kwa dogo.

Basi ninachoomba ni hiki, na wanasheria wataliweka kwa lugha yao. Kifungu cha 5 kiongezwe maneno kwamba anayeita msaada, anayembeba, anayebaki naye, na mgonjwa mwenyewe, hawakamatwi wala hawashtakiwi kwa kutumia, kwa kipimo kidogo, kwa kifaa, au kwa kupatikana mahali, na korti isikiite kitendo hicho kuvunja masharti. Mama mwenye nyumba anayemkuta mwanawe chooni amezima naye aingie humo, maana nawajua kina mama waliofunga mlango kwanza wakaficha vitu ndipo wakapiga kelele, dakika kumi zimepita. Chombo kilichobeba mgonjwa kisizuiwe. Hospitali isiite polisi kwa sababu ya ovadozi peke yake, na afande akiwa wodini kwa kazi nyingine akae mbali na kitanda mpaka mgonjwa awe ametoka hatarini. Na naloksoni itoke kwenye kabati za hospitali ije mitaani kwa waliofundishwa, Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu 2014 kwamba wanaoweza kumshuhudia mtu akizidisha wapewe hiyo dawa na mafunzo yake. Mimi nipeni moja niweke chini ya kiti pale walipopata foili.

Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Karani wangu wa korti ameahidi kutuandikia, madereva kumi na moja wa stegi yetu wamekubali kutia sahihi, wawili wamekataa wanasema ni kujitafutia jicho la polisi, siwalaumu. Wabunge wetu wa Pwani ambao kila kampeni wanakuja kutuambia unga umemaliza vijana wetu, wanajua wanatupata wapi, tuko hapa hapa stegi.

Mhariri, jina langu lisichapishwe na stegi msiitaje. Si kwa ajili ya polisi peke yao. Mama wa yule kijana ni abiria wangu wa siku zote, nampeleka sokoni Kongowea na kumrudisha na vikapu vyake, na tangu mazishi bado ananiita mimi kwa simu, njoo mwanangu, nami naenda.

Dereva wa tuktuk,
Mombasa